15 ya Wish si 15 ya Roadster: maswali yenu ya matairi

Habari za kazi, fundi. Nina Mazda Roadster ya 1998, kile kigari cha spoti cha viti viwili, rimu za inchi 15. Dukani wamekosa 195/50R15, wananiambia nichukue 195/65R15 kwa kuwa upana ni uleule na rimu ni ileile. Nichukue? (Tanga)

Usichukue, kaka. Muuzaji amesoma namba mbili akairuka ya katikati, na hiyo ndiyo yenye kesi. Ile 50 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi kikilinganishwa na upana wake. Kwa 195/50 ubavu ni milimita 97.5, kwa 195/65 ni karibu 127. Ubavu upo juu na upo chini, kwa hiyo zidisha mara mbili, kisha jumlisha na rimu ya inchi 15, yaani milimita 381. Tairi lako linasimama milimita 576. Hilo wanalokupa, ambalo ni saizi ya Toyota Wish, linasimama 634.5. Karibu sentimita 6 zaidi! Litasugua fenda ukikata kona au ukishuka tuta, gari litakuwa zito kuondoka, na spidomita itakudanganya: yenyewe inasoma 100, wewe uko 110.

Ukikosa kabisa saizi yako, uliza 205/50R15. Hilo linasimama 586, tofauti haifiki asilimia 2, na rimu yako ya upana wa inchi 6 inalibeba bila shida. Lile 195/55R15 wengi hulifunga, ila linazidi asilimia 3, na mimi mpaka wangu ni hapo.

Fundi, Roadster yangu ni ile ya kwanza kabisa, ya 1.6, bado ina rimu ndogo za 14. Washkaji wananicheka. Nataka nipande hadi 17, nifunge 205/40. Unasemaje? (Dar es Salaam)

Waache wacheke. Gari hilo lilipotoka 1989 lilikuwa na kilo kama 940 tu, na Mazda walilipa 185/60R14 makusudi. Raha yake yote imo kwenye wepesi. Rimu ya 17 mara nyingi ni nzito kuliko ya 14, na uzito wa gurudumu haubebwi na springi. Shokabzoba ndiyo inayohangaika nao kila shimo. Kisha angalia ubavu: sasa una milimita 111 za mpira kati ya rimu na lami, ukienda 205/40 unabaki na 82. Kwa mashimo ya mjini hiyo ni karamu ya fundi wa kunyoosha rimu. Ukitaka kuona ninachosema, nenda kwa watu wa balansi siku yoyote, simama karibu na mashine, tazama rimu za 17 zinavyozungushwa. Ukingo unapanda na kushuka kama mtu anayechechemea, na mwenye gari anaapa kwamba usukani ulianza kutetemeka wenyewe.

Na mvua ya masika usiisahau. Tairi pana chini ya gari jepesi hupanda juu ya maji upesi kuliko jembamba, kwa sababu uzito wa kuyakata maji ni mdogo.

Kama lazima ubadilishe, panda hatua moja: rimu za 15 na 195/50R15. Kimo ni 576 dhidi ya 577.6 za sasa. Hata spidomita haitajua. Saizi hiyo Mazda wenyewe waliitumia kwenye Roadster iliyofuata. Matundu ya nati ni manne kwenye duara la milimita 100, sawa na rimu nyingi za Toyota ndogo, lakini usinunue kwa matundu tu. Ifunge moja mbele, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, hakikisha haigusi popote, ndipo utoe hela.

Nina Toyota MR-S. Matairi ya mbele na ya nyuma hayafanani saizi. Fundi wangu anasema ni kosa la aliyelimiliki Japani, tuweke manne yanayofanana. (Moshi)

Si kosa, dada yangu. Ndivyo lilivyotoka kiwandani: mbele 185/55R15, nyuma 205/50R15. Yaliyofanyiwa mabadiliko mwaka 2002 nyuma yana 215/45R16. Injini ya MR-S iko mgongoni mwako, nyuma ya viti, kwa hiyo uzito mwingi uko nyuma. Mbele pamefanywa pembamba kusudi ukizidisha mwendo kwenye kona, pua ndiyo itangulie kuteleza. Ukipunguza mwendo, gari linarudi. Ukiipa mbele upana sawa na nyuma, mkia ndio utakaotangulia, na mkia wa MR-S ukishaondoka, dereva wa kawaida haurudishi. Kwa hiyo pia usikubali wabadilishane ya mbele na ya nyuma kusawazisha kulika. Huyo fundi mwachie breki na oili.

Roadster mpya ya 1.5, tairi 195/50R16. Hapa Nairobi naipata kwa kuagiza tu. Kuna mbadala? (Nairobi)

205/50R16. Inazidi kimo kwa milimita 10, chini ya asilimia 2, na rimu yako ya 6.5 inaikubali. Badilisha yote manne kwa mpigo. Na kwa kuwa gari hilo halina spea, dawa ya pancha iliyo kwenye buti iangalie tarehe yake.

Nimepata matairi manne "mapya", bei nusu. Yana vinyweleo vya kiwandani kabisa. Kuna mtego? (Mombasa)

Tafuta ubavuni neno DOT, fuata hadi mwisho wake: tarakimu nne. 2317 maana yake wiki ya 23, mwaka 2017. Wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, na kwa bahati mbaya ya ajabu muuzaji huwa ameugeuza ukutani. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo: unakuwa mgumu, unapoteza mshiko kwenye maji, na vinyweleo vinabaki palepale kukufurahisha macho. Pinda ubavu kwa mikono uangalie nyufa ndogo. Kwa gari la spoti, tairi lililopita miaka mitano kabla hata ya kufungwa mimi silichukui, hata kwa robo bei.

Kila nikijaza upepo wananiwekea 35. Roadster yangu ya zamani inaruka kama mpira. Ni springi? (Dodoma)

Kabla ya kumlaumu springi, fungua mlango wa dereva usome kibandiko. Roadster za kizazi cha kwanza na cha pili zinataka 26, mbele na nyuma. Ndiyo, 26. Kijana wa pampu atakushangaa, atakuambia tairi limelala. Mwambie aweke 26. Ukijaza 35 kwenye gari jepesi hivyo, tairi linakanyaga kwa katikati tu, linalika hapo, na kwenye kona linateleza mapema. Pima asubuhi kabla ya safari, kwa sababu tairi lililotembea hupanda namba tatu au nne kwa joto.

Nina hela ya matairi mawili tu. Mbele au nyuma? (Morogoro)

Nyuma. Mbele likiteleza unahisi kwenye usukani na unaachia mafuta. Nyuma likiteleza kwenye mvua unaona ulikotoka. Ila kama yale ya mbele yameshafikia vile vitufe vya alama vilivyo ndani ya mifereji, milimita 1.6, liegeshe gari hadi upate hela ya yote manne.