Jibu: Kwa nini chuma hakiishi kwenye kiwanda cha mbolea

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza mbona chuma kinachochochea utengenezaji wa amonia ya mbolea hakiishi, ilhali gesi za naitrojeni na haidrojeni zinazoingia zinaisha.

Wanafunzi wangu hapa Lamu nawaeleza kwa mfano wa gati letu. Mashua inafunga, abiria wanashuka, wengine wanapanda, inaondoka. Gati linabaki palepale. Uso wa chuma ndio gati. Atomi mbili za naitrojeni zimeshikana kwa vifungo vitatu, kuzitenganisha ni kazi kwelikweli. Jozi hiyo, yaani molekuli, ikinata usoni mwa chuma, vifungo hulegea, atomi zikaachana. Haidrojeni nayo huvunjika hapohapo, kisha atomi zake huungana na naitrojeni mojamoja mpaka amonia ikamilike, ijing'oe iende zake. Nafasi iko wazi tena. Mwanakemia Mjerumani Gerhard Ertl ndiye aliyezichambua hatua hizi, akapewa Nobel ya kemia mwaka 2007, na kwangu mimi ni kazi ya kuvutia mno.

Kwa kuwa kazi yote iko usoni, chuma hicho hutengenezwa kikiwa na vitundu vingi vidogo ili uso uongezeke. Joto la nyuzi za Selsiasi 400 hadi 500 na shinikizo kubwa bado vinahitajika.

Ila kuharibika kinaharibika! Salfa ikifika hunata isitoke, kama jahazi bovu lililoziba gati. Madini ya risasi yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli yaliiharibu vivyo hivyo platinamu inayosafisha moshi katika ekzosi ya gari.

Na mafuta yanapogandishwa kwa haidrojeni kutengeneza majarini je? Ni njia ileile, ila gati lake ni nikeli.