"Watu wa Kifaransa" ndo watu gani hao?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa makala ya historia, sehemu moja nimekuta "watu wa Kifaransa tangu zama za kati", kwingine "Wafaransa". Lipi sahihi? Na Charlemagne nimwite Mfaransa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. La Charlemagne tulimalize fasta, mwite Mfranki. Wafranki ni kabila la Kigermanik lililoingia Galia (eneo la Ufaransa ya leo), jina lao likazaa Francia, Waarabu wakasema Faransa, sisi tukabandika U yetu mbele. Charlemagne mwenyewe, mfalme wao, alivikwa taji la ukaizari Roma mwaka 800, Wajerumani nao wanamdai, mwaka 843 wajukuu wakagawana milki kule Verdun na kipande cha magharibi ndo kikaja kuwa Ufaransa. Basi.

Sasa hilo "watu wa Kifaransa" linanipandisha presha. Ki- ni ya lugha na mtindo, mkate wa Kifaransa sawa, divai ya Kifaransa sawa, lakini mtu ana M- yake jamani! Jirani yako wa Moshi unamwita "mtu wa Kichaga"? Si Mchaga tu? Kuna siku nimesoma "mfalme wa Kifaransa Napoleon", nikamwona ticha wa Kifaransa wa form two kapandishwa cheo. Na wamemchagua nani sasa! Napoleon kazaliwa Ajaccio 1769, mwaka mmoja baada ya Genoa kuwaachia Wafaransa kisiwa cha Corsica, nyumbani kwao wanaongea Kikorsika, Kifaransa kaja kusomeshwa ana miaka 9 hivi na lafudhi haikumtoka. Halafu 1804 alipojivika taji akajiita Kaizari wa Wafaransa. Wa-faransa, yaani watu. Hata Louis XVI, katiba ya 1791 ilimtoa kwenye Mfalme wa Ufaransa ikamfanya Mfalme wa Wafaransa, maana mamlaka sasa ni ya taifa, nchi si shamba la babu yake. Wenzenu wamepindua dunia kwa ajili ya U- na Wa-, wewe unakuja na Ki-!

Tena ukisema ni watu wa lugha hiyo ndo unaharibu kabisa. Mwaka 1794 padri Grégoire aliripoti kwamba wanaokiongea Kifaransa sawasawa hawazidi milioni 3, na angalau milioni 6 hawakijui hata kidogo, nchi nzima ina watu karibu milioni 28. Wengine ni Wabretoni, Wabaski, Waoksitani huko, kila mmoja na lugha yake, na wote Wafaransa. Mpaka sheria za waziri Jules Ferry za 1881 na 1882, shule bure na lazima, ndo Kifaransa kikasambazwa kwa nguvu, mtoto wa Bretagne (kwa Wabretoni) akinaswa anaongea Kibretoni anavishwa kitu shingoni, waliovishwa kibao kwenye shule zetu kwa kuongea lugha ya nyumbani wanaelewa.

Kwa hiyo andika "Historia ya Wafaransa", anza taratibu na mfalme Hugues Capet mwaka 987, wa kabla yake waache na Ufranki wao. Ukikomaa na "watu wa Kifaransa", hiyo makala usinitumie.