Ulimwengu Wako Hauna Wakunga? Anza na Kalenda

Binti mmoja wa Makambako kaniandikia: "Dada shikamoo. Naendesha mchezo wa dadu na wenzangu wa chuo, ule wa kutunga kisa mezani, kila mtu akiigiza mhusika wake. Kwenye ulimwengu nilioutunga, wanawake wote wamekuwa waganga au mabinti wa kuokolewa. Nikiwapa kazi nyingine, wachezaji wananiambia nalazimisha. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Usikimbilie kutunga malkia mwenye upanga, huyo wameshamzoea. Chora kalenda kwanza.

Nilipoleta mezani kalenda yangu ya mvua, mavuno na mimba, enzi hizo tunachezea chumba cha nyuma cha duka pale Mwanjelwa, jamaa mmoja aliishika kwa vidole viwili akasema, "Mambo ya mimba peleka kliniki, sisi tumekuja kupigana." Wote wakacheka. Sitaficha, mpaka leo linaniuma. Kwa hiyo kama na wewe wanakucheka, jua hujaanza wewe.

Tazama Glorantha, ulimwengu uliotungwa na Greg Stafford, unaochezwa kwenye RuneQuest, mchezo wa aina hii hii, tangu 1978. Mwaka wake una siku 294: misimu mitano ya siku 56, kisha wiki mbili za ibada kuu. Sasa piga hesabu kikunga. Mimba huhesabiwa siku 280 tangu hedhi ya mwisho, na misimu mitano ni siku 280 kamili! Kutoka kutungwa hadi kuzaliwa ni kama siku 266. Basi mimba iliyotungwa usiku wa mwisho wa ibada inaiva mwishoni mwa Msimu wa Dhoruba, ule wa tano, wiki mbili kabla ya ibada inayofuata. Fikiria hekalu la Ernalda, mungu wao wa ardhi, wakati huo: makuhani wanaandaa ibada, na nusu ya wakunga hawajalala. Mhusika wako akibisha hodi kuomba baraka za vita, atapokelewa na nani? Hapo kisa kimeshaanza na hujatupa dadu hata moja.

(Likizo ya uzazi ya sheria yetu, siku 84, kule ingekuwa msimu mmoja na nusu. Nilicheka peke yangu.)

Ulimwengu wangu mimi niliujenga kwa majira ya huku kwetu. Mvua Novemba hadi Aprili, mahindi yanavunwa Juni na Julai, baridi ya milima ya Uporoto ikiwa imekolea. Mazao yakiuzwa, harusi zinafuatana. Bi harusi wa Agosti akishika mimba upesi, anajifungua Mei. Maana yake palizi ya Februari anainama shambani na tumbo la miezi sita, ghala likiwa limebaki vumbi. Nani anampunguzia mistari? Nani anaamua debe la mwisho la mahindi liende kwa nani? Mwenye kujibu maswali hayo ndiye mwenye mji, hata kama kiti cha enzi kakalia mwanaume.

Nikamtunga bibi mmoja mwenye kamba ya mafundo, kila fundo ni mimba ya kijijini. Yule jamaa yangu wa kliniki alifika na mhusika wake, jemadari, anatafuta mikuki mia moja katikati ya palizi. Mfalme akamwambia, "Muulize bibi." Bibi akapitisha kamba vidoleni polepole, akasema: "Hawa thelathini wake zao wanajifungua kabla mahindi hayajakauka. Hawatoki. Hawa wengine chukua, ila uniletee chumvi na wanawake kumi wa kupalilia." Alibishana naye jioni nzima! Akaishia kutoa chumvi. Hakuwahi kuniomba radhi, lakini nasikia kampeni yake mpya, yaani kisa kirefu anachokiendesha yeye, ina kalenda ya mimba inayofanana na yangu fundo kwa fundo. Sawa tu.

Kwa hiyo kalenda, mdogo wangu. Andika mvua, palizi, mavuno, harusi. Andika pia kunyonyesha: mama anayenyonyesha mtoto mchanga usiku na mchana, bila kumpa kingine, na hedhi haijarudi, kwa miezi sita ya mwanzo ni nadra kushika mimba. Kabila linalowahi kuachisha watoto ziwa litakuwa na watoto waliofuatana mno, na akina mama waliochoka. Wape wanawake hao hasira, siasa, na dawa wanazofichana. Shujaa naye awepo, ila awe na dada anayemlelea mtoto, na huyo dada awe na bei yake.

Ila usitupe dadu kuamua kama mhusika wa mchezaji kashika mimba bila kumuuliza mwenyewe. Huwezi kujua nani mezani kapoteza mtoto, au anamtafuta kwa miaka. Mimi namwita kila mmoja pembeni kabla kampeni haijaanza, wanaume pia, maana mume wa mjamzito atapalilia mistari ya watu wawili.