Pikipiki iliyolala zaidi ya mwaka na haiwaki: itazame plagi kabla ya kufungua injini

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba kaka yako aliposafiri aliacha pikipiki yake ya cc 125, yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), uani kwenu Tabata, na sasa umepita mwaka na miezi kadhaa bila kuguswa. Ukibonyeza stata unasikia "tik, tik" tu, ukipiga kiki injini inazunguka lakini haiwaki, na fundi wa jirani amekwisha kukuambia kwamba ringi, zile pete za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda, zimekwisha na injini lazima ifunguliwe. Ushauri wangu ni kwamba usimkabidhi bado. Ringi huisha kwa kazi, haziishi kwa kusimama, na kama pikipiki hiyo iliegeshwa ikiwa inatembea vizuri, mimi ningeanza kuitilia shaka kabureta muda mrefu kabla ya kuitilia shaka silinda.

Nasema hivyo kwa sababu nimekwishalipia ujinga wangu. Nilipokwenda kufanya kazi Mtwara niliiacha pikipiki yangu kwa shemeji, Kigamboni, mahali ambapo upepo wa bahari hutafuna hata bawaba za milango, ikakaa miezi 14. Niliporudi mwezi Mei, masika ikielekea kwisha, nilinunua betri mpya, haikuwaka; nikanunua plagi, haikuwaka; nikanunua koili, ile inayoipa plagi umeme wa kutoa cheche, haikuwaka, na kila mara nilipanda pantoni kwenda Kariakoo na kurudi nikiamini kwamba safari hii nimepata dawa. Zilipita siku tatu, na fedha nilizotumia zingetosha matairi mawili, kabla mzee mmoja fundi wa baiskeli (nasisitiza, wa baiskeli) hajaniuliza: "Hiyo plagi ukishapiga kiki inatoka kavu au mbichi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeibadilisha bila kuitazama.

Kabla hujafika kwenye plagi, maliza kwanza mambo madogo. Hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani iko mahali pake, kisha iwashe na kuizima mara kadhaa, kwa sababu hewa yetu ya pwani huweka kutu ya kijani kwenye mguso wake wa ndani. Hakikisha koki ya mafuta imefunguliwa. Fungua chujio la hewa uangalie ndani: langu lilikuwa limejazwa pamba ya godoro na familia ya panya, na nyaya mbili chini ya kiti zilikuwa zimetafunwa. Halafu chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda kupita alama, usipige kiki hata moja. Maana yake ni kwamba kabureta ilivuja, petroli ikateremka hadi ndani ya injini, na oili hiyo ni ya kumwagwa.

Mlio wa "tik, tik" ni wa betri, na hauhusiani na ringi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12 imekwisha, na ikiwa imekaa hivyo miezi mingi huenda isirudi tena. Ichaji polepole, kwa mkondo wa karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, yaani nusu ampea kwa betri ya ampea-saa 5. Usiipeleke kwa vijana wanaochaji betri za malori, kwani chaja zao zitaichemsha. Usiruke hatua hii kwa kuwa unayo kiki: zipo pikipiki ambazo moto wa plagi hutoka moja kwa moja kwenye magneto (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), lakini zipo pia ambazo moto huo hutegemea betri, na hizo unaweza kuzipiga kiki hadi jioni bila kupata cheche.

Sasa plagi. Funga choki (kile kizibo kinachopunguza hewa kwenye kabureta), piga kiki nane au kumi bila kuvuta mafuta, kisha ifungue papo hapo na uitazame. Ikitoka kavu kabisa, petroli haifiki kwenye silinda, na hapo hakuna koili wala plagi mpya itakayokusaidia. Ikitoka mbichi na inanuka petroli, mafuta yanafika lakini ama hakuna moto, ama yamezidi. Ikiwa mbichi, ikaushe, ivalishe kofia yake, gusisha chuma chake kwenye kichwa cha injini na mwenzako apige kiki. Unataka cheche ya buluu inayolia, si ile ya njano hafifu. Plagi iwe mbali na tundu lake, na pasiwe na chombo cha petroli karibu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi ukutane na cheche. Usiiache ikining'inia bila kugusa chuma, maana hilo linaweza kuua kifaa cha kuwashia. Nafasi kati ya ncha zake kwa pikipiki nyingi za namna hii ni karibu milimita 0.7, kitabu cha pikipiki kitakupa kipimo kamili.

Ukiwa umefungua plagi, pima pia maneno ya fundi wako. Ziba tundu kwa kidole gumba na upige kiki: msukumo ukikisukuma kidole kwa nguvu, silinda iko hai. Ukiwa dhaifu, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi ndani ya tundu, zungusha injini taratibu, iache ilale hadi kesho, kisha upime tena. Kuta za silinda iliyosimama muda mrefu hukauka oili, na mara nyingi msukumo hurudi baada ya dawa hiyo. Ringi kushikwa na kutu ni jambo linalowezekana, hasa pikipiki ikinyeshewa, lakini injini yako inazunguka kwa kiki, kwa hiyo pistoni haijakwama. Kama msukumo utaendelea kuwa dhaifu baada ya oili na baada ya kuiwasha, hapo nitamwomba radhi fundi wako.

Kwa pikipiki iliyolala, nategemea plagi itoke kavu, kama yangu ilivyotoka. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto upesi, huruka, na kinachobaki hugeuka taratibu kuwa utomvu wa rangi ya kahawia unaonata kama gundi. Petroli iliyoko kwenye kikombe cha kabureta ni kidogo, kwa hiyo huharibika kabla ya ile ya tangi, na utomvu wake huishia kwenye jeti ndogo, kile kijibomba cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, ambayo tundu lake halifiki nusu milimita. Jeti hiyo ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwaka na inapounguruma bila kuvutwa mafuta. Jeti kubwa inaweza kuwa safi kabisa na pikipiki isiwake, kwa sababu kazi yake huanza unapovuta mafuta. Dalili yake utaijua: inawaka sekunde mbili kisha inazima, au inakubali kuunguruma choki ikiwa imefungwa tu, ukiifungua inakufa.

Anza kwa kumwaga petroli yote ya tangi kwenye chupa inayoonyesha ndani, na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo utayaona yamekaa chini kama tabaka la pili, na baada ya masika ya Dar es Salaam usishangae ukiyakuta. Kisha teremsha kabureta, fungua kikombe, toa boya na sindano yake, na uondoe mipira yote kabla ya kupuliza dawa ya kusafishia, kwani dawa hiyo huivimbisha. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa ikaze kwanza kwa upole hadi igote huku ukihesabu mizunguko, uandike namba hiyo, ndipo uitoe; wengi huirudisha kwa kukisia na kuhangaika wiki nzima. Jeti ndogo ishike juu uitazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona nukta ya mwanga, iko wazi. Usipoiona, iloweke, ipulize, na ikigoma tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya mwembamba wa umeme. Usitumie sindano wala waya wa chuma, kwa sababu utalipanua tundu na pikipiki itakunywa petroli siku zote. Yangu ilizibuka kwa uzi huo, na iliwaka kiki ya tatu.

Wakikushauri kuisukuma hadi iwake, kataa. Kama jeti imeziba, mtatoka jasho bure. Kama mafuta yamezidi, petroli mbichi itaosha oili iliyobaki kwenye kuta za silinda.

Ikiwaka, itatoa moshi mweupe dakika chache kwa ile oili uliyomimina. Iache ipate joto, izime, mwaga oili ya injini ikiwa bado ya moto na utie mpya. Jaribu breki kabla ya kutoka getini, jaza upepo, paka cheni mafuta, na ukikuta klachi imegandamana, weka gia huku umeikamata klachi na uitikise pikipiki mbele na nyuma hadi iachie.

Fanya kwanza lile la plagi, kisha uniandikie hapa imetoka kavu au mbichi, na betri imesoma volti ngapi. Ukiweza, ambatisha picha ya kikombe cha kabureta ulivyokikuta kabla hujakisafisha.