Mistari hiyo ni mvua, mwanangu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepanga chumba huku Igoma, Mwanza, na aliyehama aliacha picha ndogo ukutani isiyo na rangi hata moja. Kulia kuna miti mitatu, na chini kushoto imeandikwa kwa hafifu Rembrandt, 1643. Juu kushoto kuna mistari minyoofu kama vile mtoto kaikwaruza kwa rula. Wageni wangu wanasema niitoe. Kuna uzuri gani hapo?
Mpangaji, Igoma

JIBU: Marahaba. Usiitoe. Uliyonayo bila shaka ni nakala ya kiwandani, lakini mchoro wenyewe ni wa Rembrandt, yule Mholanzi, na hayo makwaruzo ya mtoto ni mvua.

Nimechora mabango ya maduka hapa Kirumba hadi vidole vikapinda, na mstari wa rula siupendi, huua picha. Mara ya kwanza hata mimi niliguna. Kisha siku moja ya masika nasubiri kivuko cha Kamanga, mvua ikaja kutoka ziwani. Huko mbali maji yameshakuwa meusi, huku Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa majini, bado linawaka jua. Mvua ikiwa mbali haina matone, mwanangu. Ni mistari, imelala upande, minyoofu kabisa.

Na yule bwana hakuwa na rangi ya kijivu ya kupaka. Alifunika bamba la shaba kwa nta, akachora kwa sindano, kisha tindikali ikala pale tu alipokwaruza. Wino ukajaa kwenye mifereji hiyo, karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake. (Picha hutoka kinyume, kulia huwa kushoto; mchora mabango angelia.) Kwa hiyo karibu kila kiza unachokiona ni mistari iliyosongamana, na mwanga ni karatasi yenyewe. Tazama nyuma ya miti: karibu hakugusa kitu, ndiyo maana miti imesimama hivyo. Sasa funika ile mvua kwa kiganja. Miti ipo, uwanda upo, ila ule ubaridi wa upepo umekwenda wapi?

Isogeze karibu na dirisha, ukae nayo. Kushoto chini kuna mvuvi na ufito wake, mwanamke kakaa kando. Kichakani kulia wamejificha wapenzi wawili. Mimi sikuwaona miaka yote. Mke wangu aliwaona kabla chai haijapoa.