Vifuu vya nazi na maji ya batiki: nilipokosea

Dada yangu anatengeneza batiki Bagamoyo. Maji ya rangi alikuwa akiyamwaga nyuma ya nyumba, na mimi niliyesoma kemia nikaona siwezi kunyamaza. Vifuu vya nazi tunavyo magunia kwa magunia, nikaamua kuvifanya makaa amilifu, yaani mkaa wenye vitundu vingi vidogo unaonasa rangi majini.

Usijaribu mkaa wa jikoni. Niliutwanga nikautia kwenye jagi la maji ya buluu; baada ya saa mbili nilikuwa na maji yale yale ya buluu, ila yana vumbi. Kinachonasa rangi ni kuta za vitundu vidogo mno. Gramu moja ya makaa amilifu mazuri ina eneo la mita za mraba 1,000 au zaidi. Mkaa wa kawaida haukaribii hapo.

Nilitumia asidi ya fosforiki kwa kuwa joto la nyuzi 450 hadi 500 linatosha, ilhali njia ya mvuke inataka 800 na kuendelea. Vunja vifuu viwe kama punje za mahindi, viloweke kwenye asidi hiyo usiku kucha, vikaushe, kisha vichome saa moja kwenye chombo kilichofunikwa. Vaa glavu na miwani. Ukizimua asidi, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Halafu osha, uoshe tena, mpaka karatasi ya litmasi iache kuwa nyekundu.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Nilipima makaa yangu kwa methilini bluu, rangi ya maabara, maji yakatakata, nikampigia dada simu kwa furaha. Maji yake ya batiki hayakubadilika hata kidogo! Methilini bluu ina chaji chanya. Rangi za dada zina chaji hasi, tena zimo kwenye kostiki kali (soda inayounguza), na humo makaa nayo yana chaji hasi. Yanazisukuma.

Kwa hiyo sasa maji tunayaacha ndoo wazi, nje, siku nzima, tukiyakoroga. Haidrosulfaiti, kemikali inayoifanya rangi iyeyuke majini, inaisha nguvu, rangi inakutana na hewa, inaganda na kutuama chini. Tunamimina maji ya juu, tunatia siki kidogo kidogo kupunguza ukali wa kostiki (hapa hapa nje, maana haidrosulfaiti iliyobaki ikikutana na asidi hutoa gesi inayokaba), ndipo makaa yanaingia. Kazi yao ni kumalizia tu, na gunia moja linadumu zaidi.

Makaa yaliyoshiba rangi tunayaweka kwenye debe lenye mfuniko. Shambani hayaendi.