"Kila kitu kimezidi kidogo tu"

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 46, dereva wa daladala, uzito kilo 95. Juzi walipimwa bure kituoni: kiuno sentimita 104, presha 138 kwa 88, sukari kabla ya kula 6.1, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 2.3, kolesteroli nzuri 0.9. Nesi akamwambia si kisukari, basi karudi nyumbani anacheka, eti kila kitu kimezidi kidogo tu. Rafiki yake anataka kumgawia vidonge vyake vya presha. Mimi usingizi sina.
Mama Zuhura, Tandika

JIBU: Marahaba mama Zuhura. Nesi kasema kweli, kisukari kwa kipimo hicho huanzia 7.0. Ila mumeo anazisoma namba moja moja, sisi tunazisoma kwa pamoja. Hivyo ndivyo vigezo vitano vya sindromu ya metaboliki, yaani kasoro za mwili zinazoandamana na kuongeza hatari ya moyo na kisukari. Vitatu vinatosha kusema mtu anayo. Yeye kavizoa vyote. Hatari ya maradhi ya moyo na mishipa kwake ni kama mara mbili ya asiye nayo, ya kisukari kama mara tano.

Mchokozi ni kitambi. Wengine wakikisifu kuwa ni dalili ya pesa, mimi natafuta futi kamba: mwanaume akipita 94, namuuliza maswali. Sisemei mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole, bali yale ya ndani, yanayozunguka utumbo. Hayo humwaga asidi za mafuta hadi kwenye ini, ini linazigeuza trigliseridi na kuzirudisha kwenye damu, kolesteroli nzuri inashuka. Misuli nayo inaigomea insulini, homoni inayoshusha sukari, kongosho linazidi kuitoa, na insulini ikijaa, figo zinang'ang'ania chumvi. Presha inapanda. Utando wa ndani wa mishipa hushindwa kuitanua mishipa inavyotakiwa, mafuta hujipenyeza ukutani na kujijenga humo, njia inabana. Moyo unaosukuma dhidi ya presha hiyo kila siku hunenepa misuli, na moyo mnene si moyo wenye nguvu.

Yote hayo hayaumi. Ndiyo maana anacheka.

Aanze na soda. Chapati tutazijadili baadaye, sitaki ugomvi nyumbani kwenu. Chumvi ya mezani iondoke, na sigara kama anavuta. Gari likisubiri zamu, ashuke atembee badala ya kukaa kijiweni: nusu saa, siku tano kwa wiki. Akipunguza kilo tano hadi saba, namba nyingi huanza kushuka pamoja.

Presha ya kupimwa mara moja kwenye kelele za kituo haitoshi kuamulia dawa. Aende kliniki na majibu yake, apimwe tena akiwa amekaa ametulia dakika tano. Vidonge vya rafiki asiviguse: baadhi ya dawa za presha, zikiwemo za kukojosha, zinaweza kupandisha sukari, na yake tayari imeshapanda.